Maji ya Miaka Hamsini

Ofisini walimwita Nyufa, na jina hilo alilipata kihalali. Tangu aajiriwe kwenye taasisi ya utafiti wa maji ya ardhini, kazi yake ilikuwa kuchunguza nyufa za miamba: upi una maji, upi umekauka, maji yanatoka wapi, yanaelekea wapi, na yanatembea kwa kasi gani huko chini ambako jicho la mtu halijawahi kufika. Wenzake walimtania kwamba hata akialikwa harusini hataki keki mpaka aone imepasukia wapi. Naye alicheka nao. Hakuwa mtu wa kununa, angalau mpaka mama yake alipoanza kuumwa.

Taasisi yenyewe ilikuwa jengo la ghorofa lililobabuka rangi, na wageni walizoea kushangaa walipoelezwa mpangilio wake. Chini walikaa watu wa maji ya duniani. Juu walikaa watu wa maji ya sayari nyingine, hasa Mirihi, ambako inadhaniwa kuna maji yaliyojificha ndani sana ya mwamba. Usicheke. Maji ni maji na jiwe ni jiwe. Hesabu inayoeleza jinsi maji yanavyopenya mwamba wa nyuma ya nyumba yako ndiyo hiyohiyo inayoeleza jinsi yanavyopenya mwamba wa Mirihi, ukishabadilisha vitu viwili vitatu. Tofauti ni kwamba Mirihi ina wafadhili, nyuma ya nyumba yako hakuna. Kwa hiyo kompyuta nzuri zilikuwa juu, programu nzuri zilikuwa juu, hata feni zinazozunguka zilikuwa juu, na watu wa chini walipanda ngazi kuomba, wakitabasamu kuliko kawaida.

Aliyeanza mtindo huo wa kupanda ngazi alikuwa baba yake Nyufa. Alifanya kazi pale maisha yake yote, na alipostaafu mwanawe akarithi meza yake, kiti chake kinachoyumba, na mafaili yake kwenye kompyuta. Kazi iliyompa mzee sifa ilikuwa ile ya kitongoji cha nje ya mji, kile kilichojengwa chini ya kilima chenye kiwanda cha kung'arishia vyuma. Kiwanda kilikuwa kimechimba mashimo ya kumwagia maji machafu, na watu wa bondeni, wote wakitumia visima, waliingiwa na hofu. Wakaandamana. Serikali ya mji ikaahidi kuwaletea bomba kutoka bwawani, lakini kwanza ikaiuliza taasisi: sumu ya kule juu itachukua muda gani kufika visimani?

Baba yake akapima, akachimba, akapiga hesabu, akajibu: miaka hamsini. Kabla ya hapo kiwanda kitakuwa kimeshafungwa na mashimo kufukuliwa na kusafishwa. Visima ni salama, wala hakuna haja ya kupoteza fedha kuvipima kila mara. Ilikuwa habari njema, na nani anakataa habari njema? Bomba likaelekezwa upande mwingine wa mji. Watu wa bondeni wakatulia. Na mzee, kuonyesha kwamba haongei hewani, akanunua kiwanja palepale, akajenga nyumba, akachimba kisima chake, akatoa na bomba mpaka nje ya geti ili jirani yeyote achote bure. Wakamwita Profesa. Hakuwahi kuwa profesa hata siku moja, lakini hakulikataa jina.

Sasa mama alikuwa anaumwa figo. Hakuwa na kisukari, hakuwa na shinikizo la damu, hakuwa na chochote katika vile ambavyo madaktari huvitafuta kwanza. Figo zake zilikuwa zinakufa tu, taratibu, na daktari alikuwa ameishiwa maswali.

"Kuna kitu kinaziua," daktari alimwambia Nyufa mara ya mwisho, akiwa amemvuta pembeni kwenye korido. "Tukikijua mapema tunaweza kuokoa kilichobaki. Tukichelewa, dada yangu, mimi si wa kukudanganya."

Tangu siku hiyo Nyufa hakuwa na jambo lingine kichwani. Alisoma pakiti za dawa zote ambazo mama aliwahi kumeza. Alikagua sufuria, mafuta ya kupikia, rangi ya ukutani. Aliwauliza mashangazi kama kuna mtu kwenye ukoo aliwahi kuumwa hivyo, wakamtajia magonjwa yao yote, moja baada ya jingine, isipokuwa figo. Baba yake naye hakukaa bure. Daktari wa kwanza alikuwa amesema mgonjwa anywe maji safi kwa wingi, na mzee akaichukulia ile kuwa ndiyo kazi yake mpya. Alimnywesha mkewe kikombe baada ya kikombe, kwa mkono wake mwenyewe, akimbembeleza kama mtoto. "Haya nimeyapima mimi," alikuwa akimwambia. "Hakuna maji kama haya mji huu." Na mama, ambaye kwa maisha yote ya ndoa hakuwahi kumbishia mumewe mambo ya maji, alikunywa.

Siku ambayo mambo yaliharibika, Nyufa alikuwa anafanya kazi ya kipuuzi. Mkurugenzi alitaka mchoro wa kuwafurahisha wafadhili: maji ya duniani na maji ya Mirihi upande kwa upande, watu waone jinsi sayari ndogo inavyovuta maji kwa uvivu. Kwa Mirihi alichukua faili la juu. Kwa dunia akachukua faili la baba yake, lile la kitongoji, kwa sababu ndilo lililojulikana na, tuseme ukweli, kwa sababu alimwonea fahari. Akaweka mwamba uleule pande zote mbili ili tofauti ibaki ya sayari tu, akaiagiza kompyuta ichore.

Ikachora mistari miwili inayokwenda kwa kasi ileile.

Alidhani amekosea kubonyeza. Akarudia. Kompyuta nayo ikarudia jibu lake, bila aibu. Nyufa akafungua vipimo vya faili la Mirihi, vyote sawa. Akafungua vya baba yake. Unene wa mwamba, sawa. Upana wa nyufa, sawa. Mteremko, sawa. Uzito wa maji, sawa. Kulikuwa na ukurasa mmoja zaidi, wa mwisho, ambao watu wa chini hawakuwa na desturi ya kuufungua kwa sababu haukuwa na kitu cha kubadilisha. Ukurasa wa sayari. Akaufungua. Kwenye nafasi ya nguvu ya uvutano, pale ambapo kwa dunia panatakiwa tisa nukta nane, paliandikwa tatu nukta saba.

Uvutano wa Mirihi.

Hakuhitaji kuambiwa ilivyotokea, aliiona kama vile alikuwepo. Baba yake alipanda ngazi, akaomba programu, akapewa faili la watu wa juu alitumie kama kielelezo. Akafuta mwamba wa Mirihi akaweka mwamba wa kitongoji. Akafuta nyufa za Mirihi akaweka nyufa zake, alizozipima kwa jasho lake, bila kukosea hata moja. Uvutano hakuugusa. Mtu wa maji ya duniani haandiki uvutano. Upo tu, kama sakafu. Nani huamka asubuhi akajiuliza kama sakafu ipo?

Lakini maji ya ardhini yanatembea kwa kuvutwa. Ukiyavuta kidogo yanachelewa, ukiyavuta sana yanawahi. Nyufa aliandika namba sahihi, akabonyeza. Ile miaka hamsini ikanywea ikawa kumi na tisa, tena pungufu kidogo. Na mashimo ya kiwanda yalikuwa yamechimbwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Akainama akaufungua mkoba wake, kwa sababu ndani ya mkoba kulikuwa na chupa ya maji. Baba yake hakumruhusu mtu kutoka nyumbani kwake bila chupa ya maji ya kisima, na Nyufa alikuwa amelala kwao. Alikuwa ameshainywa mpaka nusu. Akashuka nayo maabara, akamkabidhi fundi wa vipimo, akamwambia anataka kujua kama kuna ile sumu ya kung'arishia vyuma. Fundi alikuwa mtu wa masihara, akamuuliza kama anataka kung'arisha utumbo. Nyufa hakucheka. Fundi akaona sura yake, akaacha masihara, akaanza kazi.

Majibu yalipotoka fundi alirudia kipimo bila kuombwa. Kisha akaiweka ile chupa mbali kabisa na kikombe chake cha chai. "Haya umeyatoa wapi?" aliuliza. "Kuna mtu anakunywa haya?"

Nyufa alipanda kwa mkurugenzi mbio mbio, na huko hakuna la maana lililotokea. Mkurugenzi alikuwa mwanamume mpole mwenye sauti ya mtu anayesoma risala. Alisikiliza, akashika tama, akasema jambo hili ni zito na linahitaji kamati. Alisema tusiwatie watu hofu. Alisema Mzee ni nguzo ya taasisi, tulinde heshima yake. Nyufa alimwambia mama yake anakunywa maji yale wakati huu wanaoongea. Mkurugenzi akasema pole sana, na kamati itakaa. Nyufa alitoka bila kuaga.

Njiani alinunua maji ya dukani, madumu makubwa kadiri teksi ilivyoweza kubeba. Alikuwa na mpango, na ulikuwa mpango wa woga. Angemwambia baba yake kwamba daktari ameagiza maji ya aina hii, ya dukani tu, hadi hapo atakapobadili dawa. Mama angeokoka kwanza, ukweli ungefuata baadaye, siku moja, akipata moyo wa kuusema. Alikuwa ana miaka arobaini na bado hakujua jinsi ya kumwambia baba yake kwamba amekosea hesabu.

Mzee alimkuta akiyashusha getini. Alikuwa mrefu, mwenye mabega yaliyoanza kuinama, na miwani aliyoifunga uzi upande mmoja. Alitazama yale madumu kama vile mtu kamletea matusi nyumbani.

"Nini hiki?"

"Maji, Baba. Daktari kasema."

"Daktari kasema maji ya dukani?" Mzee alicheka, kicheko cha kweli, cha mtu anayejiamini. "Mwanangu, haya wanajaza bombani huko wanabandika picha ya mlima. Wewe ni mtu wa maji, unadanganywa na picha ya mlima? Rudisha. Mama yako ameshakunywa vikombe vyake vya mchana, na cha jioni nimeshamwekea."

"Baba, asikinywe."

"Kwa nini?"

Nyufa alitaka kuutoa ule uongo wake alioupanga, ulimi ukagoma. Pengine ni kwa sababu baba yake ndiye aliyemfundisha kazi, na alimfundisha kwamba namba haibembelezwi. Akasema, "Nimefungua faili lako la hapa. Ukurasa wa sayari."

Kicheko cha mzee kilikuwa bado usoni, kimesahaulika pale.

"Kuna tatu nukta saba, Baba."

Ilikuwa ni vigumu kumtazama. Hakuuliza una hakika. Hakusema haiwezekani. Midomo yake ilisogea kidogo, na Nyufa akaelewa kwamba anapiga hesabu kwa kichwa, palepale getini, dumu la maji likiwa miguuni pake. Aliimaliza kabla mwanawe hajafungua mdomo tena.

"Kumi na nane na kitu," alisema. "Karibu kumi na tisa."

"Ndiyo."

"Umeyapima?"

"Nimeyapima leo. Yamefika."

Mzee akageuka, akaingia ndani kwa hatua ndefu ambazo Nyufa hakuziona kwake tangu astaafu. Nyufa alimkuta chumbani kwa mama. Mama alikuwa amelala, na kikombe cha jioni kilikuwa kwenye stuli kando ya kitanda, kimefunikwa na kisahani kama kawaida. Mzee alikuwa amekishika kwa mikono miwili. Alikitoa nje, akakimwaga kwenye mchanga nyuma ya jiko, kisha akakaa chini palepale, chini kabisa, mtu ambaye watoto wake hawakuwahi kumwona amekaa chini. Akalia kwa sauti. Nyufa alisimama karibu naye na hakujua mikono yake aipeleke wapi.

Kesho yake walimpeleka mama hospitali. Daktari alifurahi kwanza, ile furaha ya mtu aliyepewa jibu la fumbo lililomsumbua, halafu akaagiza vipimo vipya, na majibu yalipokuja furaha ikamtoka. Aliwaita Nyufa na baba yake ofisini kwake, akafunga mlango. Alisema sumu hiyo angeijua mwaka jana, sawa. Hata miezi michache iliyopita, labda. Sasa figo zimekwisha, na ini nalo limeguswa vibaya, na moyo wake hautaihimili mashine ya kusafishia damu.

"Tukimbadilishia maji?" aliuliza mzee. "Kuanzia leo, asiguse tena yale?"

Daktari alimtazama kwa huruma. "Kwake yeye haibadilishi kitu, mzee wangu. Mpelekeni nyumbani akae na watu wake."

Nyufa alikuwa ameishikilia ile kauli ya korido, ya kuokoa kilichobaki, kwa wiki nyingi mno. Alitafuta kinachomuua mama yake kila mahali, hata kwenye ukuta, na wakati wote alikuwa akitembea nacho kwenye mkoba. Alitoka mle ofisini akiwa hana tena kitu cha kutafuta. Alijua kwamba mama yake anakufa, na kwamba hakuna mtu atakayelizuia hilo, na jua lilikuwa linawaka vilevile kwenye maegesho ya magari.

Wakamrudisha nyumbani. Na mzee, baada ya kumlaza mkewe, akafanya lile lililobaki kwenye uwezo wake. Alizima pampu, akafungua tangi la juu likamwagika lote hadi tone la mwisho, kisha akatoka nje ya geti ambako majirani walikuwa wamepanga ndoo wakisubiri, akawaambia. Aliwaambia bila kupunguza. Nilikosea. Maji yana sumu. Si haya yangu tu, visima vyote vya bonde hili vinakunywa kwenye mwamba mmoja. Msinywe, msipikie, msiwape watoto.

Walimsikiliza kwa adabu. Hakuna aliyepiga kelele, na Nyufa, aliyesimama nyuma ya baba yake akingoja matusi, alianza kutamani wangetukana. Mwenyekiti wa mtaa, jamaa mnene mwenye kofia ya kitambaa, ndiye aliyezungumza.

"Profesa, pole sana na mgonjwa."

"Nimeshapoa. Umenisikia nilichosema?"

"Nimekusikia. Lakini si wewe mwenyewe uliyetutoa hofu? Ulisimama shuleni pale, ukanywa glasi mbili mbele yetu. Ukasema wenye kelele za bomba wanaogopa kivuli."

"Nilikosea, bwana. Ndicho ninachokwambia. Nilikosea!"

"Haya, sawa." Mwenyekiti aliitikia kama anavyoitikiwa mtu mwenye homa. "Uchungu wa mke si mchezo. Pumzika kidogo, Profesa."

Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni hakubembeleza wala hakubeza. Aliuliza tu, tena kwa upole, "Tuseme ni kweli, baba. Ya kunywa yako wapi?"

Mzee alifungua mdomo. Alitazama kule ambako bomba lingepita kama si yeye, kwenye kiwanja kitupu chenye magugu. Nyufa alisema ataandika barua mjini, atakwenda redioni, atahakikisha. Yule mama akatikisa kichwa kukubali, akainua ndoo yake tupu, akaenda nyumba ya tatu ambako kulikuwa na kisima kingine. Wengine wakamfuata. Mwamba ni uleule, ufa ni uleule, na Nyufa aliujua upana wake kwa milimita.

Alikwenda redioni kweli. Walimwambia alete barua ya taasisi. Taasisi ikamwambia kamati bado haijakaa.

Mama aliendelea kudhoofika. Alikuwa na akili zake timamu, na alikuwa ameshaona kwamba vikombe vimebadilika, na kwamba mumewe amezeeka ghafla. Asubuhi moja akamwambia mzee aache kuzungukazunguka kitandani, akae, aseme. Nyufa alikuwa jikoni, mlango uko wazi. Alimsikia baba yake akivuta kiti.

Akamwambia. Alimweleza kama alivyokuwa akimweleza kazi zake tangu wakiwa vijana: taratibu, kwa maneno ya kawaida, akichora hewani kwa kidole. Faili la watu wa juu. Ukurasa ambao hakuufungua. Maji yanavyovutwa hapa na yanavyovutwa kule. Hakujitetea hata mahali pamoja. Alipofika kwenye vikombe, vile alivyomnywesha kwa mkono wake, sauti ilimkatika, akaanza upya, ikamkatika tena.

Mama alimwacha amalize.

"Kwa hiyo kule Mirihi," alisema mwishowe, "hesabu yako ingekuwa sawa."

"Kule ingekuwa sawa."

"Miaka hamsini."

"Hamsini, mke wangu."

"Mbona hukunijengea kule?"

Alicheka, kicheko chembamba kisichokuwa na pumzi, na Nyufa kule jikoni aliuma kanga yake asitoe sauti. Mzee hakucheka. Aliweka kichwa chake kwenye godoro kando ya mkono wa mkewe, na mama akampapasa nywele zile chache.

"Nina kiu," alisema.

Mzee aliruka. Alikuja jikoni, akamimina maji ya dukani, akampelekea. Mama alionja, akakunja uso, akakisukuma kikombe.

"Haya hayana ladha. Yananuka plastiki. Nipe ya kwetu."

"Siwezi."

"Daktari kasema hayabadilishi kitu. Nilikuwa nimefumba macho tu siku ile mkinong'onezana kwenye gari, sikuwa nimelala." Alipumua kidogo. "Nimekunywa maji yako miaka yote, baba watoto. Usinifanye nife na kiu ya maji yangu."

Mzee alitoka na kikombe mpaka mlangoni, akasimama mbele ya mwanawe. Alimtazama kama anamwomba amkataze. Nyufa alijua kila kitu kuhusu maji yale: yalikotoka, ufa yaliopitia, kasi yake, na kiasi cha sumu iliyomo. Alitafuta sababu moja ya kumkatalia mama yake, ya kweli, inayoweza kusimama kwenye karatasi, na hakuipata. Akapisha njia.

Baba yake alikwenda uani. Tangi lilikuwa tupu, kwa hiyo hakuwa na budi kuwasha pampu, ambayo haikuwa imesikika tangu siku ile aliyoizima. Ilikohoa, ikashika, ikaanza kunguruma. Pampu ile ilikuwa na sauti kubwa, mtaa mzima uliijua.

Nyufa aliwasikia kabla ya kuwaona. Mlango wa kwanza uligongwa ukutani, kisha mwingine, kisha ndoo zikaanza kugongana, na mtoto mmoja akapiga kelele ya furaha, "Profesa amefungua! Profesa amefungua!" Wakaja mbio kutoka pande zote za bonde, akina mama, wazee, wasichana na madumu ya njano, kwa sababu kisima cha nyumba ya tatu kilikuwa mbali na foleni yake ndefu, na haya yalikuwa ya bure. Bomba la nje lilikuwa wazi kama alivyoliacha siku aliyomwaga tangi, maji yakaanza kumwagika chini, na yule mama mwenye mtoto mgongoni ndiye aliyewahi kutega ndoo.

Nyufa alikimbilia getini. Alipaza sauti, akawaambia waache, akamshika mmoja mkono. Walimwitikia kwa heshima, pole dada, Mungu amponye mama, huku wakiteka. Mwenyekiti alimpungia kofia kutoka nyuma ya foleni.

Baba yake alijaza kikombe kimoja, akazima pampu. Watu wakalalamika kwamba mbona mapema hivyo. Alikifunika kikombe kwa kiganja asimwage, akawapa mgongo, akaingia ndani kumpelekea mkewe.